Hatua Moja Kutoka Ukutani

Palikuwa na wakati ambapo panya hakuujua ukuta. Alitembea katikati ya nyumba, mchana, kichwa juu, na watu wakampisha. Ninyi mnaopanga magunia ghalani mnamwona leo akipita mbio, ubavu wake umeshika ukuta, na mnadhani aliumbwa hivyo. Hakuumbwa hivyo. Alifundishwa, na aliyemfundisha alikuwa mwanamke mmoja wa nchi ya Itobela, jina lake Nshoma.

Nasema panya, na ni vizuri tuelewane ni panya yupi. Simsemi buku, ambaye ni mkubwa na hukaa shimoni, wala simsemi panya mdogo wa kwenye majani. Namsema panya wa ghalani, mwembamba, mweusi mgongoni, mwenye mkia mrefu kuliko mwili wake. Paka alikuwa bado mnyama wa porini wakati huo, na mambo ya watu hayakumhusu.

Itobela ilikuwa nchi ya miti ya miyombo na mabonde ya udongo mweusi. Aliyeitawala aliitwa mtemi. Kila kaya ilikuwa na shamba lake, na baada ya mavuno kila kaya ilipeleka sehemu ya nafaka nyumbani kwa mtemi, ikawekwa katika ghala moja kubwa. Lilikuwa nyumba ndefu ya miti na udongo, yenye mlango mmoja wa ubao uliofungukia ndani. Magunia yalikuwa hayajafika nchini. Nafaka ilitiwa katika malindo. Lindo ni pipa la gome: gome la myombo huchunwa likiwa zima, huviringishwa, hushonwa kwa kamba, kisha hutiwa kitako na kifuniko. Lindo kubwa lilimfika mtu mzima kifuani, na likijaa mtama watu wanne hawakuliweza.

Ghala hilo halikuwa la chakula. Aliyeishiwa chakula aliomba kwa ndugu zake. Ghala lilikuwa la mbegu. Mbegu ya Itobela nzima ilikuwa mle ndani, ya mtama, uwele na kunde, na siku ya kupanda kila kaya ilikwenda kuchukua fungu lake. Kila lindo lilichorwa alama ya kaya iliyolijaza, vifuniko vikazibwa kwa udongo, na haikuruhusiwa kukifungua hata kimoja kabla ya siku hiyo, kwa sababu fukusi wangeingia.

Aliyelijenga ghala alikuwa Mtemi Itungulu. Alipofyeka kiwanja aliwakuta panya wamekaa pale, na mkubwa wao akatoka kuzungumza naye. Panya alisema kwamba kiwanja kilikuwa chao, kwamba hawakuwa na ugomvi, na kwamba wangeishi na watu vizuri kama wangepewa mambo matatu. La kwanza, punje zote zinazoanguka chini ziwe zao, na sakafu isifagiwe. La pili, katikati ya ghala paachwe wazi ili wapate njia ya kupita. La tatu, asiitwe tena Panya, aitwe Mgeni. Naye kwa upande wake aliahidi jambo moja: meno yake hayatagusa lindo. Mtemi Itungulu aliona ni bei ndogo. Akakubali mbele ya watu.

Kwa hiyo malindo yakasukumwa pande zote mbili hadi yakaegemea ukuta, yakabanana, ili katikati pawe peupe. Tangu hapo hayakusogezwa tena; yalijazwa na kuchotwa kutoka juu, palepale yalipo, na mbegu ikipungua watu walisema ni fukusi. Sakafu haikufagiwa. Mavumbi, makapi na mavi ya panya yalilala humo mwaka baada ya mwaka, na mtu aliyeingia alikanyaga taratibu asije akaharibu chakula cha Mgeni. Mgeni naye alipita katikati na jamaa zake, saa sita mchana, na watu wakasimama kando wakamwamkia. Watoto walipigwa kwa kusema neno panya. Baadaye watu wakazidisha maneno, kama watu wafanyavyo, wakaanza kusema kwamba nyumba alimofukuzwa Mgeni haijai tena. Itungulu hakulisema hilo. Lilisemwa na wengine, baada yake.

Katika siku za Mtemi Kapela, mjukuu wa Itungulu, mvua ilikosekana. Mwaka wa kwanza ilinyesha mara mbili ikakatika. Kapela hakufungua ghala, kwa kuwa mbegu katika udongo mkavu ni kazi bure. Watu walikula akiba ya nyumbani, kisha wakala matunda ya mwituni, kisha wakachimba mizizi. Walivumilia. Kila aliyekuwa na njaa alilitazama paa la ghala la mtemi akasema moyoni kwamba mvua ikija atapanda. Mwaka wa pili miyombo ilitoa majani yake mapya mekundu, na mawingu yakaanza kukaa upande wa magharibi. Mtemi akatangaza kwamba siku ya kupanda imekaribia.

Kabla ya siku hiyo ilikuwa desturi wanawake wapake sakafu ya ghala udongo wa kichuguu uliochanganywa na samadi ya ng'ombe. Walipaka katikati tu, juu ya mavumbi yaleyale, kwa kuwa malindo hayasogezwi. Mwaka huo kazi ilimwangukia Nshoma na jirani yake Mbula. Nshoma alikuwa mjane wa Lusangija, mwanamke mwembamba, mwenye magoti mabovu, na hakuwa mtu wa maneno mengi. Walipiga magoti wakapaka tangu asubuhi. Mchana Mbula alitoka kwenda kuchota maji. Nshoma alitaka kuinuka, magoti yakamkatalia, akashika lindo lililokuwa karibu naye ili ajivute.

Lindo likasogea.

Nshoma alikaa chini tena, akalitazama. Kisha akaweka kiganja kimoja juu yake, akalisukuma kidogo. Likasogea tena.

Msimamizi wa ghala alikuwa Malunde, mdogo wake marehemu Lusangija. Alikuwa amekaa mlangoni kwenye kivuli, akisuka kamba. Nshoma akamwita.

"Shemeji Malunde, njoo usukume lindo hili."

"Lindo halisukumwi, shemeji. Nikivunjika kiuno utanikanda wewe?"

"Limesogea."

"Limesogea lenyewe?"

"Nimelishika nikiinuka. Limesogea."

Malunde akacheka bila kuacha kusuka. "Basi una nguvu. Sasa naelewa kwa nini marehemu kaka alikuwa akirudi nyumbani mapema."

"Kaka yako alirudi mapema kwa sababu kwenu hakukupikwa chakula cha kuliwa na mtu. Acha mzaha. Lindo hili ni tupu."

Malunde akaacha kusuka. Alitazama huku na huku, akashusha sauti. "Mama, maneno hayo usiyaseme humu. Mgeni anasikia."

"Na asikie. Nani ameutia mtama mdomoni mwake hata akanenepa hivyo? Mimi nimekonda, wewe umekonda, ng'ombe wa mtemi wamekonda. Panya wamenenepa. Wanaokota punje gani sakafuni, na tangu mwaka juzi hakuna nafaka iliyoingia humu?"

Alikuwa ametaja neno panya ndani ya ghala. Malunde alisimama. Na kabla hajajibu, Mgeni mwenyewe alitoka katikati ya malindo, akaja juu ya udongo mbichi, akiacha nyayo, akasimama mbele yao.

"Nimesikia jina ambalo halitumiki," akasema kwa upole.

"Ndilo jina lako," Nshoma akamjibu. "Na umekanyaga kazi yangu."

Jambo hilo lilifika kwa mtemi siku ileile. Kesho yake asubuhi watu waliitwa uwanjani. Mgeni aliletewa kigoda, akapanda, akakaa, mkia wake ukaning'inia hadi chini. Alisema kwamba hakuja kumshtaki mtu yeyote. Alikuja kuaga. Ikiwa baada ya miaka mingi ya heshima anaitwa mwizi na mwanamke mwenye udongo mikononi, basi yeye na jamaa zake watatafuta nyumba nyingine, na watu wa Itobela wajionee wenyewe kama ghala lao litajaa tena.

Watu waliingiwa na hofu. Wengine walianza kumsihi.

"Aage basi," Nshoma akasema. "Nani amemshika mkia?"

Waliocheka walijiziba midomo upesi. Nshoma hakucheka. Alimgeukia mtemi akamwomba jambo dogo: lindo moja livutwe, moja tu, watu watazame nyuma yake. Mgeni akatikisa kichwa kwa huzuni. Magome yale ni ya zamani, akasema. Lindo likivutwa litapasuka na mbegu itamwagika. Na kuvuta lindo ni kumwambia Mgeni kwamba neno la Itungulu halina maana.

Mtemi Kapela hakuwa mjinga. Aliamuru watu wasogee mbali, akamwita Nshoma karibu na kigoda chake, na Malunde, aliyekuwa amesimama pale kama msimamizi, ndiye aliyesimulia baadaye walichosemezana.

"Nshoma, unajua watu hawa wanakula nini?"

"Ninakula hichohicho, Baba Mtemi."

"Wanavumilia kwa sababu wanajua ghala limejaa. Nikivuta lindo moja likawa tupu, kesho nchi nzima iko njiani kwenda kwa watemi wengine. Wazee na wachanga watafia njiani."

"Kwa hiyo hutaki kujua."

"Sitaki wao wajue."

"Siku ya kupanda watajua. Utawagawia nini siku hiyo, vifuniko?"

Mtemi alikasirika. Akasimama, akatoa neno lake kwa sauti, ili wote wasikie. Atakayegusa lindo kabla ya siku ya kupanda hatapewa fungu la mbegu, naye atatoka Itobela, asirudi. Kisha akaingia ndani.

Mbula alimsindikiza Nshoma hadi nyumbani kwake na njia nzima alimsihi anyamaze. Siku zilizobaki zilikuwa chache. Kama malindo ni matupu, akasema, yatakuwa matupu kwa wote, na hakuna atakayemlaumu yeye. Nshoma alimsikiliza mpaka mwisho.

"Kila siku inayopita wanakula," akamjibu. "Kama limebaki lindo moja zima, usiku na mchana wanalitafuna sasa hivi, na sisi tumekaa tunasubiri siku. Mimi sisubiri."

"Utakwenda wapi wakikufukuza? Na magoti hayo?"

"Hapo ndipo watakapoona kazi, kunitoa."

Mchana wa siku iliyofuata, jua likiwa kichwani, Nshoma alikwenda ghalani na fagio la majani magumu, lililofungwa kwenye mpini mrefu. Malunde hakuwapo mlangoni. Aliingia, akalikuta lindo lile, akalikumbatia, akalivuta. Lilikuja kama kikapu kitupu. Akaliviringisha hadi katikati ya njia ya Mgeni, akaliacha pale. Kisha akaingia mahali lilipokuwa na kutazama nyuma ya lile lililofuata, upande wa ukutani, ambao haukuwahi kuonwa na mtu tangu enzi za Itungulu.

Nyuma ya malindo palikuwa na nchi nyingine. Palinuka mkojo hata macho yakamwuma. Makapi yalijaa hadi kwenye goti, na mavi meusi, na viota vya gome lililochanwa nyuzinyuzi, na ndani ya viota vichanga vyekundu visivyo na macho. Kila lindo lilikuwa na tundu nyuma, karibu na kitako, tundu la kupitisha ngumi. Mbele malindo yalikuwa mazuri, vifuniko vyake vimezibwa, alama ya kila kaya ipo palepale. Nyuma hayakuwapo.

Nshoma alivuta la pili, la tatu, la nne. Yote yalikuja kwa mkono mmoja. Katika baadhi ya malindo ilibaki mbegu kidogo chini, lakini ilikuwa imeloa mkojo na kushikana kwa ukungu. Alipoufikia upande wa mlango alikuwa amechoka na hakuwa na haja ya kuendelea, kwa kuwa ushahidi alikuwa nao. Hata hivyo aliweka bega lake kwenye lindo la mwisho akasukuma.

Halikusogea.

Alisukuma tena. Halikusogea. Alijaribu lililokuwa pembeni yake, na lile la tatu, na yote matatu yalisimama kama visiki. Yalikuwa mazito. Yalikuwa yamejaa. Nshoma aliyazunguka ili atazame nyuma, na hapo ndipo alipogundua kwamba aliweza kuyazunguka. Malindo hayo matatu yalikuwa yamewekwa mbali na ukuta kwa sababu ya mlango. Ubao wa mlango ulifungukia ndani, nao ulihitaji nafasi ya upana wake, hatua moja ya mtu mzima. Kila asubuhi Malunde alipofungua, ubao ulipita nyuma ya malindo yale ukasukuma makapi, na mwanga ukaingia, na upepo. Panya hakuwa amejenga pale. Hakuwa amepata mahali pa kufanyia kazi bila kuonekana.

Huko nje mtu alikuwa ameona, na watu walikuwa wanakuja mbio. Malunde alitangulia, na nyuma yake wanaume wanne.

"Shemeji, toka!" akapiga kelele kutoka mlangoni. "Toka kabla mtemi hajafika!"

"Nitoke wapi, kwa mlango au kwa tundu hili?"

Akaligeuza lindo lililokuwa katikati. Mwanga wa mlangoni ukapita ndani yake. Malunde alitazama. Alilisogelea, akatia mkono katika tundu la nyuma, akaupeleka ndani hadi begani, akapapasa, akautoa mtupu. Lindo hilo lilikuwa na alama ya kaya yao, mistari miwili na nukta, na alama hiyo aliichora kaka yake Lusangija. Kila mwaka Malunde alipita katikati ya ghala, akatazama vifuniko, akaenda kumwambia mtemi kwamba kila kitu kiko salama. Alikaa chini juu ya udongo ule uliopakwa.

Hapo Mgeni akatokea, na jamaa zake nyuma yake, wengi kuliko ambavyo mtu yeyote aliwahi kuwaona pamoja. Walikuja katikati ya njia, kama desturi yao. Ilikuwa mara yao ya mwisho.

"Itungulu alitupa neno lake," Mgeni akasema.

"Itungulu alikupa sakafu," Nshoma akamjibu. "Wewe uliahidi meno yako hayatagusa lindo."

"Njaa, mama. Mwaka ulikuwa mbaya."

"Tundu hili lina ukoga wa miaka. Mwaka ulipokuwa mzuri ulikuwa unatafuna nini?"

Mgeni akageuza maneno. Aliwatazama watu waliojaa mlangoni. "Mkinifukuza," akawaambia, "ghala hili halitajaa."

"Limejaa sasa?" Nshoma akauliza. "Neno mlipeana na wanaume waliokuwa wamekaa. Mimi bibi yangu alikuwa anasaga, hakuitwa. Na mimi sikuitwa. Basi mimi sina neno na wewe, Panya."

Akashika fagio kwa mikono miwili akampiga. Hakumpiga kama mtu apigaye nyoka. Alimfagia, kama mtu afagiaye taka, pamoja na mavumbi na makapi na punje, kuelekea mlangoni. Mbula alikuwa wa kwanza kupita katikati ya wanaume wale na fagio lake. Wakafuata wengine. Wanawake wa Itobela, ambao kwa miaka yote hiyo walikuwa wamefagia kila nyumba isipokuwa hiyo, waliifagia.

Panya walikimbilia katikati, kwa kuwa katikati palikuwa pao. Wakakuta mafagio. Walirudi nyuma ya malindo, wakakuta wanaume wanayavuta na mwanga umeingia. Huku fagio, kule fagio. Upande mmoja tu haukuweza kutoa fagio, nao ulikuwa ukuta. Yule mkubwa wao akaubandika ubavu wake ukutani, akainamisha kichwa, akakimbia akiupapasa kwa masharubu ili asiuache hata kidogo, na wengine wote wakamfuata kwa mstari huohuo. Waliokuwa na bahati walipata ufa wakaingia.

Mtemi Kapela alifika vumbi likiwa bado halijatua. Alipita nyuma ya malindo yaliyobaki, peke yake, kwa ubavu, kwa sababu hapakuwa na nafasi, akakaa huko muda mrefu. Alipotoka alikuwa na utando wa buibui kichwani na hakuna aliyethubutu kumwondolea. Alikwenda kwenye malindo matatu ya mlangoni, akayasukuma, akayapapasa nyuma. Kisha akawageukia watu.

Aliwaambia kwamba mbegu iliyopo ni ya malindo matatu, na kwamba itagawanywa kesho, kila kaya kwa viganja badala ya vikapu. Hakuna atakayepanda shamba zima, lakini hakuna atakayekosa kupanda. Aliwauliza kama wapo wanaotaka kwenda kwa watemi wengine, akawaambia kwamba hatawazuia. Watu walitazamana. Hakuna aliyeondoka. Walikuwa na mafagio mikononi, na mtu mwenye kazi mkononi huwa hana haraka ya kukimbia.

Kisha mtemi akasema jambo lililobaki, na alilisema bila kumtazama mtu.

"Neno langu la jana lilisikiwa na wote. Mtemi akirudisha neno lake leo, kesho hana neno. Nshoma amegusa malindo. Hana fungu, naye atatoka Itobela."

Watu wakaguna. Malunde alisimama kutaka kusema. Nshoma alimzuia kwa mkono.

"Nimesikia, Baba Mtemi. Sitaki neno lako lirudi. Nitatoka. Lakini nitatoka kwa zamu. Panya alikuwa katika kiwanja hiki kabla yangu, naye amefanya kosa kabla yangu. Atangulie yeye. Siku panya wa mwisho atakapovuka mpaka wa Itobela, mimi nitakuwa nyuma yake na fagio hili, na sitahitaji kusindikizwa."

Mtemi akamtazama. "Na mpaka siku hiyo?" akauliza.

"Mpaka siku hiyo niko ghalani. Mtu akitaka kunitoa mapema, aanze na wao."

Hakuna aliyemgusa. Nshoma alirudi ndani siku hiyohiyo akaamuru ghala lipangwe upya, na wanaume walimtii, Malunde akiwa wa kwanza. Hakuna lindo lililoruhusiwa tena kuegemea ukuta. Kati ya lindo na ukuta iliachwa nafasi ya upana wa ubao wa mlango, ili mtu mwenye fagio apite, azunguke, atazame nyuma kama anavyotazama mbele. Chini ya malindo walilaza magogo, ili hata kitako kionekane. Matundu yalizibwa kwa mawe na udongo. Taka zote zilitolewa nje zikachomwa mbali na nyumba.

Lakini kabla hazijachomwa, Nshoma alikaa juani na ungo, akapepeta. Punje zilizoanguka sakafuni zilikuwa fungu la Panya tangu enzi za Itungulu. Alizichambua moja moja, nzima na kavu, akazifunga kwenye nguo yake. Fungu la mtemi hakupewa wala hakuliomba. Alipanda fungu la Panya. Mvua ilipokuja, nyingine hazikuota, nyingine ziliota, naye alivuna.

Na tangu siku hiyo panya hakukanyaga tena katikati ya ghala kwa hiari yake. Hukimbia ubavu wake ukiwa ukutani, masharubu yakipapasa, kwa sababu bado anaamini kwamba huko ndiko fagio halitokei. Na watu wa ghala, ingawa malindo yamekwisha na magunia yamekuja, huyapanga magunia juu ya chaga za mbao, huacha hatua moja kutoka ukutani, na anayefungua mlango asubuhi hafanyi kazi nyingine yoyote kabla ya kupita na fagio katika nafasi hiyo na kuangalia kama kuna mavi mapya. Hiyo si nafasi iliyopotea. Wapo wanaosema kwamba magunia mengi zaidi yangeingia kama tungeyabana. Itungulu alifikiri hivyohivyo.

Nshoma aliishi hadi uzee. Watemi wawili walipita baada ya Kapela, na neno la Kapela halikurudishwa na yeyote kati yao. Alizikwa Itobela, kando ya Lusangija, na fagio likachukuliwa na binti wa Mbula. Panya wa mwisho hajavuka mpaka. Tunamsikia darini, tunaona mavi yake, na tunajua ana watoto wengi kuliko sisi. Vizuri. Hajatoka, na sisi hatutoki.